Mnara wa antena nyumbani, Mtwara na Lindi: kusoma dalili za ethi mbovu

Ethi ya mnara, yaani njia ya kuupeleka umeme ardhini, haina taa ya kukuonyesha kama inafanya kazi. Redio itaongea vizuri tu hata kama ethi rodi, ile fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini, imezungukwa na mchanga mkavu tangu Juni, na mnara utasimama hata kama klampu imeshaliwa na chumvi ya bahari ikabaki jina. Unachopata ni dalili, tena nyingine hujitokeza mbali na mnara wenyewe: bomba la bafuni linakupiga shoti ndogo, modemu inakufa siku ambayo radi ilipiga mtaa wa pili, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini) inaruka kila ukichomeka kebo ya antena.

Maelezo haya ni ya mwenye mnara kwenye nyumba ya kuishi, awe mtu wa redio ya ridhaa, mwenye boti anayeweka redio ya VHF ya kuongea na nahodha wake, au aliyepandisha antena ya intaneti juu ya bomba refu. Leseni ya masafa ni ya TCRA. Ukiwa jirani na kiwanja cha ndege cha Mtwara, au cha Kikwetu pale Lindi, urefu wa mnara ni jambo la Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla halijawa la fundi wako. Na nyaya za nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Hapa nakueleza cha kuangalia na maana yake, ili fundi akija usiishie kumwambia "ethi haifanyi kazi."

Kuhusu kanuni, viwango vya kimataifa vinavyogusa kazi hii ni vitatu: IEC 60728-11 kwa usalama wa antena, IEC 62305 kwa kinga ya radi, na IEC 60364 kwa nyaya za majengo. Video nyingi mtandaoni ni za Wamarekani na zinataja kanuni yao ya NEC, kifungu cha 810. Vipimo vyao vya waya na rodi vinakaribiana na vya IEC, kwa hiyo si vibaya kujifunza kwao. Lakini umeme wao wa nyumbani ni wa volti 120, na nyutro yao hufungwa pamoja na ethi kwenye meni switchi. Hiyo usiiige. Hapa ni volti 230, na kufunga nyutro na ethi kwa mkono wako mwenyewe ni kutafuta maafa.

Jambo moja nitalirudia mpaka likuchoshe, kwa sababu ndilo chanzo cha nusu ya matatizo yaliyomo humu: ethi ya mnara na ethi ya nyumba lazima ziungane kwa waya mnene. Fundi wa mnara atakuambia, "Mzee, hii ethi ya antena tuiache peke yake, tusiichanganye na ya umeme." Anasema kwa nia njema. Mkatalie.

Kabla hujagusa chochote

Mnara unaoutilia shaka uhesabu kuwa una umeme mpaka upime. Vaa viatu vikavu vya mpira, weka maltimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, nyingine kwenye bisibisi ndefu uliyoichomeka kwenye ardhi iliyolowa, hatua kadhaa kutoka mnarani. Volti moja mbili zisikushtue. Ukiona makumi, acha hapo hapo, zima meni switchi, na asisogee mtoto wala mbuzi mpaka sababu ijulikane.

Usipande wala usifungue waya wa ethi kukiwa na wingu la radi, hata kama unaliona liko ng'ambo ya Ruvuma. Radi inaweza kutua zaidi ya kilomita 10 kutoka mahali mvua yake inaponyesha. Na angalia juu: mnara ukianguka upande wowote usifikie nyaya za umeme za barabarani. Kama unafikia, hilo si tatizo la ethi tena, mnara uhamishwe.

Dalili: ukishika mnara au kebo unahisi shoti ndogo

Anza ndani ya nyumba. Chomoa kila kitu kinachohusika na redio kutoka kwenye soketi: pawasaplai, kompyuta, chaja, kingʼamuzi. Pima tena. Kama shoti imeisha, mkosaji ni mojawapo ya vifaa hivyo, na mara nyingi ni pawasaplai iliyochomekwa bila ethi.

Tazama plagi yake. Tuna tabia, nyumba nyingi tu, ya kuchukua plagi ya pini mbili, kisha kalamu au kijiti kinasukumwa kwenye tundu la juu la soketi ili vifuniko vya ndani vifunguke. Tundu hilo ndilo la ethi. Plagi inaingia, taa inawaka, kazi inaendelea, na boksi la chuma la pawasaplai limebaki bila ethi. Ndani ya pawasaplai za kisasa kuna kapasita ndogo mbili zinazochuja kelele, moja kutoka fezi kwenda kwenye boksi, nyingine kutoka nyutro. Ethi ikikosekana, boksi linakaa katikati ya hizo mbili, yaani karibu volti 115. Mkondo wake ni mdogo, kwa kawaida chini ya miliampia moja, kwa hiyo hauui. Lakini unapita kwenye wavu wa shaba, yaani ganda, la kebo ya koaksi (kebo ya antena) hadi mnarani, na mtu aliye juu ya ngazi akishtuka anaweza kuanguka. Dawa ni plagi ya pini tatu, soketi yenye ethi ya kweli, na extension yenye waya tatu ndani. Fungua extension uone. Zipo zinazouzwa zina matundu matatu na waya mbili.

Kama umechomoa vyote na shoti bado ipo, zima meni switchi. Ikiisha baada ya hapo, kuna uvujaji ndani ya nyumba: heta ya maji, pampu ya kisima, waya uliochubuliwa na msumari wa bati. Fundi atawasha breka moja moja mpaka ampate mhusika. Ikiendelea hata meni switchi ikiwa imezimwa, umeme unaingia kutoka nje, kwa nyutro mbovu ya mtaa au uvujaji wa kwa jirani unaopita ardhini. Hapo piga simu TANESCO, usichimbue kitu.

Sasa sehemu ambayo wengi huishangaa. Nyumba ina rodi yake, rodi ina omu 40, ambayo kwa udongo wa wastani si mbaya. Fezi ikigusa mnara, mkondo unaokwenda ardhini ni volti 230 kugawa kwa 40, unapata ampia 5.75. Breka ya ampia 16 haitaruka. Haitaruka leo, haitaruka kesho, na mnara utakaa na umeme huo kutwa. Rodi peke yake hailindi mtu. Kinachomlinda ni RCD ya miliampia 30, ambayo itakata hata kama rodi ina omu 400, kwa sababu 400 mara 0.03 ni volti 12 tu. Ibonyeze kitufe chake cha kujaribia mara kwa mara. Nyumba isiyo na RCD isiwe na mnara.

Dalili: radi haikupiga kwako, lakini vifaa vimekufa

Hii ndiyo kesi kubwa ya Kusini kuanzia mvua za Desemba. Radi inapiga nguzo ya umeme au mnazi, mbali kidogo. Mnara wako hauna alama yoyote. Asubuhi unakuta mlango wa antena wa redio umeungua, modemu haiwaki, na tundu la kebo la televisheni limeacha doa jeusi ukutani.

Majirani watasema mnara ndio ulioiita. Zunguka nyumba kwanza, uhesabu ethi. Mara nyingi utakuta moja karibu na mita, imefungwa na fundi wa umeme. Moja chini ya mnara, imefungwa na fundi wa antena. Pengine ya tatu, ya mtu wa sola. Hakuna waya unaoziunganisha.

Fuata mkondo. Radi imeingia kwenye laini ya umeme, sehemu yake imefika nyumbani kwako, tuseme ampia 1,000 tu, ambazo kwa radi ni makombo. Pigo la kawaida la kwanza ni karibu ampia 30,000. Ampia 1,000 zikishuka kwenye rodi ya mita yenye omu 40, ethi nzima ya nyumba inapanda hadi volti 40,000 juu ya ardhi ya mbali. Rodi ya mnara haijapata kitu, imebaki karibu na sifuri. Kati ya ethi hizo mbili njia ni moja tu: soketi, pawasaplai, redio, koaksi, mnara. Redio yako imekuwa daraja, na daraja la volti 40,000 halivukwi mara mbili.

Ikipiga mnara, ni yale yale kwa upande wa pili, mnara ukipanda na nyumba ikibaki chini.

Ndiyo maana kuongeza rodi chini ya mnara, kazi ambayo watu huikimbilia, hakuondoi tatizo hili. Unganisha rodi zote kwa waya mmoja usiokatika. IEC inataka waya wa ethi wa mlingoti uwe wa shaba usiopungua milimita mraba 16, na mimi natumia unene huo huo kuunganisha rodi na rodi. Wamarekani wanakubali namba 6 ya AWG, kipimo chao cha unene wa waya, kwa kiungo hicho, ambayo ni karibu milimita mraba 13. Waya wa milimita mraba 2.5 uliobaki kwenye kazi ya soketi haufai. Kama unaweka mfumo kamili wa kuipokea radi, siyo tu kuuethi mlingoti, IEC 62305 inakupandisha hadi milimita mraba 50. Waya uzunguke nje ya nyumba, uzikwe kama nusu mita, usipite sebuleni. Ukiwa mtupu ardhini ni bora zaidi, kwa sababu njia nzima inakuwa ethi. Kiungo cha upande wa mita afanye fundi wa leseni kwenye kituo cha ethi cha nyumba. Usifungue mita wala usikate lakiri.

Kisha kuna sehemu kebo zinapoingilia. Ziingie zote mahali pamoja, karibu na mita kadiri jengo linavyoruhusu. Hapo weka bamba la shaba au la chuma kisichoshika kutu, na kila kebo ipitie kwenye kikinga radi kilichofungwa juu ya bamba hilo: koaksi, kebo ya mota ya kuzungushia antena, waya wa intaneti unaotoka juu, hata kebo ya dishi. Bamba liende kwenye ethi kwa njia fupi iliyonyooka.

Fupi, nasisitiza. Kosa ninaloliona zaidi ya mengine ni kikinga kizuri cha bei, kimefungwa nyuma ya redio mezani, waya wake wa ethi unatambaa mita tatu ukutani, unapinda kona ya dirisha na kushuka. Mita moja ya waya ina induktansi (ukaidi wa waya kwa mkondo unaobadilika ghafla) ya karibu maikrohenri moja. Mkondo ukipanda kwa ampia 10,000 ndani ya maikrosekunde moja, kila mita inazaa volti 10,000. Mita tatu, volti 30,000, na kikinga kiko juu ya hizo zote pamoja na redio yako. Unene wa waya haupunguzi sana induktansi. Ufupi ndio unaopunguza. Na pindo liwe la duara pana. Kona kali ya digrii 90 ni mahali ambapo radi huruka ikaingia ukutani.

Wapo wanaochomoa koaksi wakisikia ngurumo na kuiacha sakafuni. Kuchomoa mapema, kabla radi haijakaribia, ni vizuri, afadhali kuliko kikinga chochote. Ila kebo ibaki nje, kwenye bamba, imefungwa kwenye ethi. Kebo iliyoachwa chini ya meza itarusha cheche kwenye kitu cha karibu, na saa nane za usiku kitu cha karibu ni mguu wa mtu.

Dalili: kipimo kizuri wakati wa mvua, kibaya Oktoba

Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi inayofuata ardhi ya juu inakauka kabisa. Fundi akija Machi kupima atafurahi na wewe utafurahi. Kipimo cha kuaminiwa ni cha mwishoni mwa kiangazi, korosho zikiwa zinaokotwa, kwa sababu radi za kwanza za msimu huja kabla ardhi haijalowa ndani.

Maltimita haipimi ethi. Namba utakayoiona ukiweka ncha mbili kati ya rodi na ardhi haina maana. Kinachotakiwa ni kipima ethi chenye vijiti viwili vya pembeni. Kijiti cha mkondo kinachomekwa, kwa mfano, mita 30 kutoka kwenye rodi, na kijiti cha volti kwenye asilimia 62 ya umbali huo, yaani mita 18 na nusu hivi. Soma. Sogeza kijiti cha volti mita 3 mbele, soma. Mita 3 nyuma, soma. Zikilingana, umepata. Zikipishana sana, vijiti viko karibu mno na rodi, ongeza umbali. Rodi inayopimwa itenganishwe na nyumba, meni switchi ikiwa imezimwa na anga ikiwa safi, kisha irudishwe papo hapo. Kuna mafundi wanaosahau kuirudisha. Mwone akikaza.

Lengo ni lipi? IEC 62305 inapendekeza omu 10 au chini. Kanuni ya Marekani inasema rodi moja ikizidi omu 25, ongeza ya pili. Ukiwa kwenye mchanga, namba hizi zitakukatisha tamaa. Rodi ya mita 2.4, kipenyo cha milimita 16, kwenye udongo wenye ukinzani wa omu-mita 100, inatoa omu 40. Kwenye mchanga mkavu wa omu-mita 1,000, rodi hiyo hiyo ni omu 400. Watu wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, wanajua jinsi mchanga wao unavyomeza maji yakaenda zake chini. Huko kupata omu 10 kwa rodi mbili ni ndoto. Usihuzunike: nyumba ambayo ethi zake zote zimeungana na kebo zote zinaingia kwenye bamba moja iko salama kwa omu 60 kuliko nyumba ya omu 8 yenye ethi mbili zisizojuana.

Hata hivyo ishushe unavyoweza. Kwenye mchanga, nenda chini: rodi za kuunganisha kwa skrubu zikifika mita 4.8, ukinzani unashuka hadi kama asilimia 56 ya ule wa mita 2.4, hata kabla hujafikia tabaka lenye unyevu, ukilifikia unashuka zaidi. Rodi za pembeni zisikaribiane. Umbali uwe angalau sawa na urefu wa rodi. Mbili zilizogandana nusu mita ni kama umepoteza moja.

Shangani, Mikindani na sehemu kubwa ya mwambao tatizo ni jiwe la matumbawe. Nyundo inagonga, rodi inapinda, na fundi asiyekuwa mwaminifu anakata kilichobaki juu kwa msumeno. Hii nimeikuta: rodi nzuri ya shaba, imefunikwa kwa saruji kwa unadhifu, ukivuta kidogo inatoka yote, haifiki urefu wa mkono. Kama kuna rodi ambayo hukuiona ikiingia, itilie shaka. Kwenye jiwe kanuni ya Marekani inaruhusu kuilaza rodi hadi nyuzi 45, na ikishindikana, kuizika kwa ulalo kwenye mtaro wa sentimita 75. Mimi kwenye matumbawe naruka moja kwa moja kwenye mtaro, naweka waya mtupu au bapa la chuma la gi (chuma kilichopakwa zinki) la mita kumi au ishirini, na kurudishia udongo uliochekechwa badala ya kokoto za jiwe. Masasi, kwenye miamba ile mikubwa, ni hivyo hivyo.

Kama bado hujamwaga zege la mnara, una bahati. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Herbert Ufer alipewa kazi ya kutafuta ethi ya kulinda maghala ya mabomu huko Arizona, jangwani, mahali ambapo rodi hazikusaidia kitu. Alitumia nondo zilizo ndani ya zege la msingi. Zege lililogusa ardhi hunyonya unyevu na kuushika muda mrefu baada ya mchanga wa pembeni kukauka. Kanuni ya Marekani inataka angalau mita 6 za nondo isiyopungua milimita 13, ikiwa imefunikwa na zege sentimita 5. Kwetu chukua ya milimita 16. Nondo zifungwe zishikane, ncha moja iunganishwe na mguu wa mnara. Na usitandike nailoni chini ya msingi. Mafundi ujenzi huipenda kwa kuzuia unyevu kupanda, lakini hapa unyevu ndio unaoutaka.

Chumvi na mkaa? Najua, kila fundi ana kiroba chake. Chumvi inashusha kipimo siku ile unapolipa, kisha mvua inaiosha, na ikibaki inakula rodi. Mkaa unashika unyevu kweli, ila ukiwa umegusana na chuma unaharakisha kutu. Bentonaiti inafanya kazi ile ile bila madhara hayo. Ukikosa, udongo wa mfinyanzi uliochekechwa na kushindiliwa ukiwa umelowa ni bora kuliko chumvi.

Dalili: klampu imeota kijani, au zinki imeota unga mweupe

Chukua kisu, kwangua. Kijani juu ya shaba si tatizo kubwa kama chini yake chuma kinang'aa na klampu haichezi. Tatizo ni pale shaba inapogusa zinki ya mnara. Metali mbili tofauti, unyevu wa chumvi katikati, zinki inatafunwa. Utaona alama ndefu inayoshuka kutoka kwenye klampu kufuata mguu wa mnara: kwanza nyeupe, kisha kahawia, mahali maji yaliyogusa shaba yalipochuruzika. Kwa hiyo usifunge shaba juu ya mguu wa mnara ili maji yake yaushukie wote. Funga chini, karibu na zege, na katikati weka bamba au washa ya chuma kisichoshika kutu. Klampu iliyopakwa bati nayo inafaa. Kwangua rangi kabla ya kukaza, paka grisi ya kuzuia kutu, kaza, kisha paka rangi juu ya kiungo chote. Chini ya ardhi usitegemee bolti. Chomelea kwa baruti ya shaba, ule unga unaowashwa ukayeyuka na kushikanisha kiungo, au tumia klampu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzikwa.

Kuhusu wizi wa shaba, tusijidanganye, waya mtupu unaoning'inia nje haumalizi mwaka mitaa mingine. Bapa la chuma la gi kwa sehemu inayoonekana halimvutii mtu na linakubalika, ili mradi liwe na unene wa kutosha: IEC inataka chuma kifike milimita mraba 50.

Nyaya za kukaza mnara zina nanga zake ardhini, nazo huliwa kimya kimya. Nanga ya gi iliyounganishwa kupitia mnara na rodi za shaba au nondo za zege ndiyo inayojitoa mhanga. Fukua kila nanga sentimita 30 kabla ya msimu wa mvua uone ilivyo. Lindi iliwahi kupigwa na kimbunga mwaka 1952, na Aprili 2019 Kenneth alipita karibu sana akatua Cabo Delgado, hivyo nanga nyembamba si kitu cha kuiachia bahati.

Dalili: RCD inaruka tangu ulipounganisha ethi

Umefuata ushauri, umeunganisha mnara na nyumba, na sasa RCD inakata kila baada ya dakika chache. Kishawishi ni kukata ule waya mpya. Usiukate. Waya umefichua ubovu uliokuwepo: mahali fulani ndani ya nyumba nyutro inagusa ethi. Zamani ethi ilikuwa dhaifu, mkondo uliopotea kupitia pale ukawa mdogo, RCD ikanyamaza. Ethi imekuwa nzuri, mkondo umeongezeka, RCD imeona. Meni ikiwa imezimwa, fundi atenganishe nyutro za kila sakiti na kupima kila moja dhidi ya ethi kwa kipima insulesheni. Kama una jenereta au inveta ya sola, aanzie huko. Baadhi zina nyutro iliyofungwa na ethi ndani, na switchi ya kubadilishia isipokata nyutro, matokeo ni haya haya.

Dalili ndogo ndogo za redioni

Maikrofoni inakuuma midomo ukitangaza, au spika za jirani zinaongea sauti yako: hilo halitibiwi kwa ethi, hata ukichimbia rodi kumi. Ni masafa ya redio yanayorudi kwenye ganda la koaksi. Zungusha kebo kwenye pete ya feraiti karibu na antena, na nyingine inapoingia nyumbani.

Mlio wa tik-tik unaoharakisha kabla ya mvua kuanza ni chaji inayojikusanya kwenye antena ambayo waya wake wa kati haujagusana na ethi. Tumia antena iliyofungwa kwa DC, yaani ambayo waya wake wa kati umeunganishwa na ethi ndani yake, au weka rezista ya kuvujisha chaji, na usishike kiunganishi wakati huo.

SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) inayobadilika mvua ikinyesha mara nyingi ni maji ndani ya koaksi. Kata sentimita chache. Wavu wa shaba ukiwa mweusi, kata tena mpaka ukutane na unaong'aa. Mara nyingi hukutani nao, na kebo nzima inatupwa. Kebo ya namna hiyo haibebi tena mkondo wa radi kwenda kwenye bamba inavyotakiwa, kwa hiyo si suala la redio tu.

Radi ikipiga mnara wenyewe

Subiri anga litulie kabisa kabla ya kutoka. Angalia zege: nyufa mpya kwenye miguu zina maana mkondo uliruka kutoka kwenye bolti kwenda kwenye nondo, kwa sababu hazikuwa zimeunganishwa. Fuata waya wa ethi kwa macho, tafuta doa jeusi na klampu iliyolegea. Pima upya ukinzani wa kila rodi na muunganiko kati ya rodi na rodi. Muunganiko huo, tofauti na ukinzani wa ethi, hata maltimita inautosha, meni ikiwa imezimwa, na usomaji uwe chini ya omu moja. RCD ibonyezwe, kwa kuwa nazo hufa zikabaki zimewashwa. Vikinga radi vya koaksi vina kichupa kidogo cha gesi ndani ambacho kikishabeba pigo kubwa hakionyeshi alama yoyote nje, na maltimita haiwezi kukuambia kama bado kizima. Vibadilishe vyote, hata kile kinachoonekana kipya.